Jinsi ya kuendesha jioni ya kribeji kila wiki mjini Kisumu

Kisumu haikosi michezo ya mezani. Pita Kondele au Manyatta jioni utakuta drafti ya vifuniko vya soda imezungukwa na watazamaji, na kuna wazee ambao bado wanacheza ajua (bao la Kijaluo) chini ya mti. Kribeji ndiyo ngeni. Ni mchezo wa karata uliozaliwa Uingereza katika karne ya 17, unachezwa hasa na watu wawili, na pointi zake huwekwa kwa kusogeza vijiti kwenye ubao wenye matundu. Wa kwanza kufika 121 ndiye mshindi.

Ninaupigia debe kwa sababu moja kubwa: hauchezeki kimya. Kwenye drafti watu wawili wanaweza kukaa saa nzima bila kusemezana. Kwenye kribeji kila karata inayowekwa hutamkwa, na kila pointi hutajwa mbele ya mpinzani naye akubali. Mgeni aliyeingia bila kumjua mtu, baada ya michezo miwili tayari ameongea na kusikilizwa kuliko angeongea kwenye mkutano wa mwezi mzima. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu mchezo wenyewe na pia namna ya kuulinda ule mkutano wa kila wiki, maana bila mkutano mchezo hauna pa kukaa.

Hatua ya kwanza: siku

Jumamosi isahauni. Upande wetu Jumamosi ni siku ya mazishi, na kwa Waadventista ni Sabato. Ijumaa watu wako njiani kwenda nyumbani. Jumapili ina kanisa asubuhi na chama mchana. Mimi napendekeza Jumatatu, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na robo usiku. Wenye maduka wanakuwa wamefunga, na anayekwenda Mamboleo au Nyalenda bado anapata matatu bila kuhangaika.

Mkishachagua, siku isiguswe. Mvua ya Kisumu hupenda kushuka alasiri na jioni, na msimu wa masika mtajaribiwa kila wiki kuahirisha. Msiahirishe. Wakija watu wanne, wanne wacheze. Anayefika akakuta mlango umefungwa huanza kupiga simu kwanza kabla ya kuja, halafu huacha hata kupiga.

Hatua ya pili: mahali

Mnahitaji meza ndogo, mwanga mzuri na mahali ambapo sauti ya mtu anayehesabu inasikika. Baa yenye spika kubwa haifai. Hoteli ya chai inayopungukiwa na wateja baada ya saa kumi na moja inafaa sana: zungumza na mwenyewe mapema, mwambie idadi ya meza, mwahidi kwamba kila anayekuja atanunua chai. Ukumbi wa kanisa pia unafaa, ila muulizeni mchungaji kwanza na mmweleze kwamba hakuna kucheza pesa, kwa kuwa waumini wengi wakiona karata huwaza kamari.

Angalieni feni. Joto la Kisumu linataka feni, lakini feni ya dari iliyo juu ya meza huinua karata na kuzifunua. Sogezeni meza pembeni. Muwe na taa mbili za kuchaji kwa ajili ya stima inapopotea, na dawa ya mbu ya kuwasha giza linapoingia.

Hatua ya tatu: ubao

Usingoje ubao kutoka ng'ambo. Fundi yeyote wa mbao pale Kibuye anaweza kuutengeneza ukimpelekea mchoro. Chukua kipande cha mbao kavu, sentimita 35 kwa 10, unene sentimita 2. Mvule ni mzuri ukipata masalio. Sipresi nayo inatosha ikipigwa msasa vizuri. Mkaratusi mbichi ukatae, utapinda.

Mchoro ni huu. Safu nne ndefu, kila moja matundu 30. Safu mbili za upande wa kushoto ni za mchezaji mmoja, mbili za kulia ni za mwenzake. Kati ya kila matundu matano acha nafasi kidogo, ili jicho lisome tano, kumi, kumi na tano bila kuhesabu moja moja. Umbali wa milimita 8 kati ya tundu na tundu unatosha. Upande mmoja toboa matundu mawili ya kuanzia kwa kila mchezaji, na katikati tundu moja la mwisho, ambalo ndilo la 121. Mchezaji hupanda kwa safu ya nje na kurudi kwa safu ya ndani, hiyo ni 60. Akizunguka mara mbili amefika 120, na pointi moja zaidi inamtia kwenye tundu la mwisho.

Mwambie fundi atumie keekee ya milimita 3, asitoboe mpaka upande wa pili, na achore mistari kwa penseli na rula kabla ya kugusa mbao. Kaa naye wakati wa safu ya kwanza. Safu ikienda upogo, vijiti vitagombana ubao mzima. Vijiti vyenyewe ni viwili kwa kila mtu, rangi tofauti: njiti za kiberiti zilizokatwa kichwa zinatosha, na spoki ya baiskeli iliyokatwa na kupigwa tupa hudumu miaka. Kwa nini viwili? Kijiti cha nyuma ndicho huruka kile cha mbele. Ukipata pointi sita, unang'oa cha nyuma na kuhesabu matundu sita kutoka kwenye cha mbele. Hivyo mpinzani anaona ulipotoka na ulipofika, na mkono ukiteleza kumbukumbu inabaki kwenye ubao.

Hatua ya nne: karata

Karata ziwe za klabu, si za mtu. Hili halina mjadala. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kribeji, mshairi Mwingereza Sir John Suckling, inasimuliwa na John Aubrey kwamba alituma karata zilizotiwa alama kwenye sehemu za kuchezea kamari kote nchini, na kwa njia hiyo akapata pauni 20,000. Karata za klabu, zinazochanganywa mbele ya wote, zinaondoa shaka hiyo kabla haijazaliwa.

Na mikono ioshwe. Samaki wa kukaanga aliwe kabla au baada. Karata yenye mafuta hushikana na mwenzake, na yenye doa inajulikana hata ikiwa imefunikwa.

Hatua ya tano: kumfundisha mgeni

Usimsomee sheria. Mgawie, karata zote ziwe wazi mezani, mcheze mgao mmoja taratibu huku unaeleza. Mambo yenyewe ni haya.

Kila mmoja hukata karata, mwenye ndogo zaidi ndiye mgawaji wa kwanza, kisha mnapokezana. Esi ni moja, namba ni kama zilivyo, na Jeki, Kwini na Kingi kila moja ni kumi. Kila mtu hupewa karata sita, anabakiza nne na kuweka mbili kifudifudi. Zile nne zilizotupwa na wote wawili tunaziita akiba, nazo ni mali ya mgawaji. Asiyegawa hukata kifurushi, na mgawaji hufunua karata moja ya juu, ambayo wote wataitumia wakati wa kuhesabu. Ikiwa ni Jeki, mgawaji anasogea pointi mbili papo hapo.

Sasa mnaweka karata moja moja kwa zamu, mkijumlisha kwa sauti bila kupita 31. Tuseme wewe ndiye uliyegawa. Mwenzako anaweka saba: “Saba.” Unaweka nane: “Kumi na tano, kwa mbili,” unasogea pointi mbili. Anaweka tisa: “Ishirini na nne, kwa tatu,” kwa sababu saba, nane na tisa zimefuatana. Wewe unaweka sita: “Thelathini, kwa nne,” maana sasa zinazofuatana ni nne, na haidhuru ziliwekwa kwa mpangilio gani. Mwenzako hana Esi, anasema “Endelea.” Nawe huna, basi unapata pointi moja kwa kuweka ya mwisho. Ungekuwa na Esi ungefika 31 barabara na kupata mbili. Mnaanza upya kutoka sifuri mpaka karata ziishe, na anayeweka ya mwisho kabisa hupata moja. Ukiweka karata inayolingana na iliyotangulia ni jozi, pointi mbili. Ya tatu ni sita. Ya nne ni kumi na mbili.

Baada ya hapo kila mtu huokota karata zake kuzihesabu pamoja na ile ya juu. Hapa ndipo wageni huchoka wasipopata mwalimu mwenye subira. Pointi mbili kwa kila mkusanyiko unaotimiza 15, mbili kwa kila jozi, moja kwa kila karata ya mfuatano wa tatu au zaidi, nne ikiwa karata zako zote nne ni za aina moja, kwa mfano kopa tupu, na tano ikiwa ya juu nayo ni kopa. Kwenye akiba lazima zote tano zifanane. Ukiwa na Jeki wa aina moja na karata ya juu, ongeza moja.

Chukua 7, 8, 8 na 9, na karata ya juu ni 6. Mfundishe mgeni aseme hivi, akigusa karata kwa kidole: “Kumi na tano, mbili,” saba na nane ya kwanza. “Kumi na tano, nne,” saba na nane ya pili. “Kumi na tano, sita,” sita na tisa. “Jozi, nane,” zile nane mbili. Halafu mfuatano wa sita, saba, nane, tisa, ambao upo mara mbili kwa sababu nane ni mbili: “kumi na mbili, kumi na sita.” Mwache aimalize mwenyewe. Ukimkatiza ukamtajia jumla, umemwibia kitu alichokuja kukipata, na wiki ijayo atakungoja wewe umhesabie tena.

Meza ikiwa ya Wajaluo watupu na mtu akasema apar gabich, yaani kumi na tano, sawa, inapendeza. Akikaa Mluhya, Mkisii au Mhindi, hesabu irudi kwenye Kiswahili.

Utaratibu wa kuhesabu ni huu: asiyegawa kwanza, kisha mgawaji karata zake, kisha mgawaji akiba yake. Usiupuuze. Wote wawili wakiwa na 115, asiyegawa mwenye pointi sita ameshinda kabla mgawaji hajahesabu zake.

Mkono bora kabisa ni wa pointi 29: tano tatu na Jeki mkononi, na ya juu ni tano ya nne ya aina ya yule Jeki. Uwezekano wake ni mara moja katika 216,580. Mwaka 1943, ndani ya nyambizi ya Marekani USS Wahoo, nahodha Dudley Morton alimgawia msaidizi wake Richard O'Kane 29 kamili. Ubao wa O'Kane umeendelea kurithishwa ndani ya nyambizi za Bahari ya Pasifiki. Kwa upande mwingine, 19 haipatikani kwa karata zozote, wala 25, 26 na 27. Ndiyo maana asiyepata kitu huko wenyewe wanakoucheza husema amepata kumi na tisa, na mgeni akifahamu kwa nini wanacheka, amekuwa mmoja wao.

Mbinu za mwanzo ziwe tatu tu. Usitupe tano kwenye akiba ya mpinzani, kwa kuwa karata za thamani ya kumi ni 16 kati ya 52. Usifungue, yaani usianze kuweka, na tano, kwa sababu hiyo hiyo. Ukiweza, fungua na nne au chini yake, maana hapo hakuna karata moja itakayomfikisha 15. Mengine atayaona mwenyewe.

Ipo sheria inayomruhusu mpinzani kujichukulia pointi ulizosahau kuhesabu. Kwenye jioni ya klabu naikataa, angalau kwa mtu ambaye hajamaliza miezi mitatu. Inamfanya anayejifunza aone haya kuhesabu kwa sauti, na ile sauti ndiyo tunayoitafuta. Mwambie tu, “Kuna kumi na tano nyingine hapo, mama, angalia tena,” naye aitafute.

Hatua ya sita: mpango wa jioni

Michezo mitano ya watu wawili inaenea ndani ya muda tuliotaja, ikiwa kila mmoja ni dakika 25 hadi 30. Klabu zilizo chini ya American Cribbage Congress, chama cha kribeji cha Marekani, hucheza tisa kwa jioni, lakini wale wameshazoea. Kutoka kwao chukueni alama: ushindi ni 2, na ukimwacha mwenzako kabla hajafika 91 ni 3. Aliyeshindwa hapati kitu.

Pangeni meza kwa mstari. Waliokaa upande wa ukuta hawahami. Wa upande wa pili husogea meza moja kulia kila mchezo unapoisha. Hivi mwalimu mstaafu atakutana na kijana wa boda boda, na mwenye duka la spea atacheza na mama anayeuza omena, bila mtu kuchaguliwa wala kuachwa. Marafiki wawili wakizoea kukaa pamoja kila wiki, klabu inageuka kuwa meza zao na wengine wanabaki wageni. Msiache jambo hili litokee hata kwa wema.

Idadi ikiwa witiri, meza moja iwe ya watatu. Kila mmoja hupewa karata tano na hutupa moja, na mgawaji huongeza moja kutoka kwenye kifurushi ili akiba itimie nne. Asibaki mtu akitazama simu kwa kukosa mwenzake.

Alama zote ziandikwe kwenye daftari moja, na wote wawili waweke sahihi matokeo yao. Msimu wa wiki 12 unafaa, ila hesabuni wiki nane bora za kila mtu. Mtu akifiwa, akienda matanga Siaya au Busia wiki mbili, asirudi akakuta msimu umeshamwishia. Sheria hii ndogo imeniridhisha kuliko nyingine zote za mashindano.

Hatua ya saba: pesa

Mchango wa shilingi 50 kwa jioni unalipia chai ya maziwa, mandazi na karata mpya zikichakaa. Mweka hazina asome hesabu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, hata kama ni mia tatu tu zilizobaki. Pesa isiwekwe mezani kabisa. Uingereza sheria inaruhusu dau dogo la kribeji ndani ya baa, lakini hapa kamari bila leseni ni kosa, na mbali na polisi, shilingi ikiingia mezani mgeni anayejifunza anakuwa windo. Mshindi wa msimu apewe ubao alioupiga fundi, jina lake limechongwa nyuma.

Hatua ya nane: watu wenyewe

Mchezo unaanza na kuisha kwa kupeana mkono. Kijana amsalimu mzee kwanza, kisha mezani wawe sawa: mzee akikosea kuhesabu aambiwe kwa heshima, asinyamaziwe, kwa kuwa kumnyamazia ni kumtoa mchezoni. Kelele za ushindi zisimlenge aliyeshindwa. Aliyeachwa mbali jioni nzima aandaliwe meza ya karibu na mzoefu mpole wiki inayofuata, na atakayepanga hilo asitangaze.

Mtu akikosa wiki mbili bila habari, apigiwe simu na yule aliyecheza naye mwisho. Asitumiwe tu ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Akiwa mgonjwa, wawili waende kumwona wakiwa na ubao na karata. Mgonjwa anayeweza kukaa kitandani anaweza kucheza, na atafurahi zaidi kuulizwa “una ngapi?” kuliko kuulizwa maumivu kwa mara ya kumi.

Wageni waalikwe saa kumi na moja kamili, nusu saa kabla ya wengine, ili wapate ule mgao wa karata wazi bila haraka. Kila wiki mwanachama mmoja awe na zamu ya kuwafundisha, na zamu iandikwe mwishoni mwa daftari. Mwenye zamu ndiye pia wa mwisho kuondoka: ahesabu kila kifurushi mpaka 52, ahakikishe kila ubao una vijiti vinne, apeleke vikombe jikoni, na amwambie mwenye hoteli idadi ya meza zitakazohitajika Jumatatu ijayo.